Maswali ya Wasomaji: Kila Fani Ina Uchafu Wake

Mwezi huu barua nyingi zimewataja watafiti wa chuo kikuu wanaopita katika mitaa ya Lubumbashi: huyu na vikopo, yule na bahasha za majani, mwingine na simu ya kurekodi. Tumejibu tano.

Swali: *Mtoto wangu yuko UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Rafiki yake mmoja anapima mikojo ya watu, wa pili anaokota majani, wa tatu anarekodi wamama wakipatana bei sokoni. Chuo kimoja kinafanyaje mambo yasiyohusiana namna hii? Tusije tukawa tunatupa pesa ya minervali, ile ada ya masomo.* — Papa wa familia, Katuba

Papa, tuanze na historia. Chuo hiki kilifunguliwa 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na fani zikagawanywa kati ya miji hiyo mitatu. Lubumbashi ikapata, pamoja na nyingine, lugha, sayansi za jamii, madini, jiolojia na tiba ya mifugo. Mwaka 1981 kila mji ulirudishiwa chuo chake, lakini mgawo ule uliacha alama. Ndiyo maana mtaalamu wa ng'ombe na mtaalamu wa misemo ni majirani.

Mada zao ziko mbali kama Kasumbalesa na Kalemie, ni kweli. Ila woga wao ni mmoja: uchafu unaoingia katika sampuli na kutoa jibu la uongo lenye sura ya ukweli. Kwa anayepima mkojo, uchafu ni vumbi la mkononi. Kwa anayerekodi sokoni, uchafu ni yeye mwenyewe kusimama pale. Kwa mwanauchumi anayefuata bei ya makala, yaani makaa ya kupikia, ni gunia: muuzaji anaweza kushika bei ileile miezi sita huku gunia likipungua, na makala yaliyonyeshewa yakaongeza uzito bila kuongeza moto. Asiyebeba mizani ataandika kwamba bei haikupanda.

Kwa hiyo mwulize mtoto hivi kabla hajaanza TFC yake, yaani kazi ya kumalizia masomo: "Ni kitu gani kinaweza kukudanganya katika kazi hii, na utakigunduaje?" Akijibu vizuri, minervali haijapotea. Akikuonyesha tu kichwa cha kazi chenye mistari minne, mrudishe kwa asistenti wake, mwalimu msaidizi anayemwongoza.

Swali: *Walikuja kutuomba mkojo kwa ajili ya kupima kobalti. Bwana wangu, ambaye anachimba, alijaza chupa yake safi nyumbani akawapelekea. Wakaikataa, wakamwambia anawe mikono kwa sabuni kwanza na atumie kopo lao. Mimi niliona ni dharau. Halafu kwa nini wanapima na watoto, ambao hawachimbi?* — Mama wa Ruashi

Mama, hapo hakuna dharau, kuna hesabu. Tuseme vumbi la shimoni lina kobalti sehemu 5 katika kila 1,000. Miligramu 1 ya vumbi hilo, yaani kiasi kidogo kuliko punje ya mchele mara 20 hivi, ina mikrogramu 5 za kobalti. Ikidondoka kutoka kwenye kucha hadi ndani ya mililita 50 za mkojo, na asidi inayotiwa kuhifadhi sampuli ikaiyeyusha, inaongeza mikrogramu 100 kwa lita. Kwa mfanyakazi wa kiwandani, mikrogramu 15 kwa lita mwisho wa juma la kazi tayari ni kiwango cha kushtua. Chupa ya bwana wako ingeweza kumfanya mtu mwenye afya aonekane amejaa kobalti, na labo isingejua kama ilitoka mwilini au kwenye kidole. Kopo lao limesuuzwa kwa asidi ya nitriki, na maji ya kulisuuzia yamepimwa pia.

Jambo la pili ambalo watu hawaelezwi ni maji waliyokunywa. Aliyetoka jasho shimoni ana mkojo mzito, aliyekunywa lita mbili ana mwepesi. Labo inapima pia kreatinini, takataka ya misuli ambayo mwili unaitoa kwa kiasi karibu kilekile kila siku, kisha inagawanya. Mfano: wa kwanza ana mikrogramu 20 kwa lita na kreatinini gramu 2, basi ni 10 kwa kila gramu ya kreatinini. Wa pili ana 8 tu kwa lita, lakini kreatinini yake ni gramu 0.5, basi ni 16. Aliyeonekana nafuu ndiye aliyepata zaidi. Mkojo wenye kreatinini chini ya gramu 0.3 au juu ya 3 kwa lita kwa kawaida haukubaliwi, ndiyo maana wengine huitwa tena.

Jambo la tatu ni siku. Sehemu kubwa ya kobalti hutoka mwilini ndani ya siku chache. Ukipimwa Jumatatu baada ya mapumziko, utaonekana tofauti na Jumamosi jioni. Mtafiti asiyeuliza "ulifanya kazi lini mara ya mwisho?" hajui anachopima.

Na watoto? Kazi iliyochapishwa 2009 na watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, iliwatazama watu wanaoishi ndani ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Wasiofanya kazi ya madini nao walikutwa na kobalti nyingi, hasa watoto. Mtoto hachimbi, lakini anacheza chini na kupeleka mikono mdomoni.

Una haki ya kukataa. Una haki pia ya kuonyeshwa kibali cha kamati ya maadili na kupewa matokeo yako. Ila tarakimu hiyo inasema tu kiasi kilichoingia mwilini. Haisemi una ugonjwa gani, na yeyote anayekuuzia dawa kwa sababu yake anakula pesa yako.

Swali: *Ninasoma agronomia. Nimekusanya majani ya Haumaniastrum katangense kwenye udongo wa shaba, na asistenti amenirudisha niyaoshe. Kuosha si kuiondoa shaba ninayoitafuta?* — Mwanafunzi, Kampemba

Asistenti wako ana haki. Kwa miaka mingi mmea huu ulisifiwa kwamba unajaza shaba zaidi ya miligramu 1,000 kwa kilo ya majani makavu. Mwaka 2007 uchunguzi mpya ulionyesha kwamba majani yakioshwa vizuri tarakimu hizo zinashuka sana: sehemu kubwa ilikuwa udongo uliorushwa na mvua na upepo juu ya majani. Mmea wenyewe ni mfupi, ardhi iko karibu.

Osha majani mabichi siku ileile, kabla hayajanyauka, kwa maji yenye sabuni ya labo. Yapitishe tu na kuyasugua polepole, usiyaloweke. Suuza mara tatu kwa maji ya distile, kausha kwa nyuzi 60 kwa saa 48, ndipo usage. Sehemu ya majani ya kila mmea iache bila kuosha, uone tofauti. Pima na titani, ambayo imejaa kwenye udongo lakini mimea haiichukui: ikionekana juu katika majani yaliyooshwa, udongo bado upo na kazi irudiwe. Usichanganye mimea 10 katika mfuko mmoja. Ipime mmoja mmoja, kila mmoja na udongo wa mizizi yake mwenyewe, maana hatua mbili pembeni shaba inaweza kuwa nusu.

Mmea huohuo umewasaidia watu wa akiolojia, kwa kuwa unaota pale ambapo wazee waliyeyusha shaba zamani. Hilo linatupeleka kwenye barua ya mama mmoja mwenye utani.

Swali: *Ninauza makala hapa Kenya, komini ya Lubumbashi. Nasikia wanaweza kujua umri wa makala. Wapime na gunia langu?* — Muuzaji

Mama, la kwako ni changa mno! Umri hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730, na inahesabu tangu mti ulipokua, si tangu ulipochomwa. Makala ya moyo wa mti wa miaka 200 yatalifanya kaburi lizeeke miaka 200 bure. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako uchimbaji ulianza 1957 na makaburi yakatoa misalaba ya shaba, ile mikubwa ya kwanza na ile midogo iliyokuja kutumika kama pesa, tarehe nzuri hutoka kwenye mbegu, vijiti vyembamba au mifupa. Mzizi uliochomwa na moto wa porini unaweza kushuka hadi kaburini na kuharibu hesabu yote. Sampuli huokotwa kwa kibanio na kufungwa katika karatasi ya aluminiamu, kamwe si pamba.

Swali: *Wanafunzi walikuja kurekodi Kiswahili chetu. Mara tu simu ilipowekwa mezani, bwana wangu alianza kusema kama radio. Si wamepata uongo?* — Mama wa Kamalondo

Wamepata, na wakiwa wazuri wanalijua hilo. Edgar Polomé, aliyefundisha hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu ya Kiswahili cha mji huu, na tangu hapo tatizo halijabadilika: mbele ya mgeni "banasema" inageuka "wanasema", na "katoto" kanapotea. Dawa yake inajulikana. Dakika 20 za kwanza hazihesabiwi. Mtafiti anaondoka, anawaacha majirani wawili wakipiga habari zao, wakijua kwamba kifaa kinarekodi na wamekubali. Jenereta izimwe. Na wasije na orodha ya maswali, maana swali lililoandikwa kwa Kiswahili cha kitabu linajibiwa kwa Kiswahili cha kitabu. Wakirudi kwako, waambie wamwulize bwana juu ya mechi ya Mazembe, halafu wanyamaze.