Kompyuta yangu yadai niko Nairobi

SWALI: Shikamoo mjomba. Naishi Majengo, Mombasa. Nikiagiza vitu kwa kompyuta, tovuti inaniweka Nairobi na kunipigia nauli ya mzigo ya huko. Simu haikosei. Kosa la nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu yako husoma satelaiti. Mahali pa kompyuta hukisiwa kwa anwani ya IP, yaani namba yake kwenye intaneti, na anwani hiyo haibebi jina la mtaa. AFRINIC, shirika linalogawa namba hizo Afrika, huigawia kampuni ya intaneti fungu la namba, kisha kampuni huzitumia itakako. Ikihamisha fungu kutoka Nairobi kuja kwetu bila kusema, watunza ramani za IP (kampuni zinazoorodhesha namba ipi iko wapi) kama MaxMind hubaki na habari za zamani. Mimi hapa Tudor niliwahi kuwekwa Kampala, na nikafungiwa akaunti kwa kudhaniwa mwizi. Iliniuma sana.

Dawa ipo tangu 2020, nayo inaitwa RFC 8805, waraka wa kanuni za kiufundi za intaneti. Mtoa huduma wa intaneti huweka hadharani faili jepesi la maandishi, kila fungu na mstari wake. Baada ya namba huandika: KE,KE-28,Mombasa, yaani nchi, kaunti na mji. Basi! Watunza ramani hulisoma, ingawa wengine hulihakiki kwanza, na wana haki, maana mtu aweza kudanganya.

Wewe nakili IP yako, mwandikie mtoa huduma wako, umuulize kama analo faili hilo na kama fungu lako limo. MaxMind pia wana fomu ya masahihisho, ijaze. Lakini ukimwacha mtoa huduma nyuma, utasahihishiwa wewe, jirani abaki Nairobi.