Nataka kuwatembeza watoto kwenye minara ya vita Dar, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi natoka Muleba, mwezi ujao nakuja Dar na wanangu wawili wa sekondari. Kaboya kwa mashujaa wa vita ya Kagera nilishawapeleka wakapenda sana, sasa wanauliza Dar kuna nini cha hivyo. Tuna siku moja tu. Je kuna viingilio na picha zinaruhusiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa kuwatembeza watoto, wazazi wengi wakifika huku wanaishia Mlimani City na feri basi.

Njooni Jumapili asubuhi mapema, Posta inakuwa haina foleni. Anzeni na Sanamu ya Askari pale kwenye kipilefti cha Samora na Azikiwe, watu wanaipita kila siku wakikimbilia daladala na hawajawahi kusoma pale chini, na mimi nakuomba usome na wanao, maandishi yapo kwa Kiswahili na Kiingereza, tena kuna na ya herufi za Kiarabu. Iliwekwa 1927 na Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliokuwa upande wao vita ya 1914 mpaka 1918, maana Wajerumani nao walikuwa na sanamu yao mjini hapa, ya gavana Hermann von Wissmann, ikang'olewa mji ulipotekwa 1916 ikaishia Hamburg na huko wanafunzi wakaja kuiangusha 1968.

Sasa waonyeshe jambo moja. Pale juu kasimama askari peke yake na bunduki yake, ila maandishi yanawataja na wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hao ndo waliokufa kwa wingi, tena wengi kwa malaria, kuhara na njaa, sio risasi, vijana wamekusanywa vijijini wabebe mizigo ya vita isiyowahusu kabisa! Inaniuma kila nikipita pale. Nairobi kwenye mnara kama huo wamesimama watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, nadhani wenzetu walipata kilicho sahihi zaidi.

Toka hapo tembeeni mpaka Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kuna kumbukumbu ya waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani 7 Agosti 1998. Hapo kiingilio kipo, beba kitambulisho. Mnazi Mmoja piteni muone mnara wa Mwenge, dakika chache zinatosha.

Mchana chukueni bajaji mwende makaburi ya vita, njia ya Bagamoyo. Bure. Makaburi 660 yaliletwa pale 1968 kutoka Ocean Road kupisha barabara. Waache watoto wasome majina na umri taratibu, msiwaharakishe.

Picha piga tu, ila ukikaribia Ikulu simu weka mfukoni, na ukimuona mwanajeshi usimpige picha. Na kama ratiba inaruhusu subirini tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wakaone mkuki na ngao vinavyowekwa mnarani pale Mnazi Mmoja, ila uliza kwanza maana siku hizi sherehe kubwa mara nyingi inafanyika Dodoma.