Kansa ya taya kwa mtoto, inaambukiza au ya kurithi?

Dada uliyeuliza kama kansa ya taya ya mtoto wa jirani inaweza kuwapata wanao, hapana, uvimbe wenyewe hauambukizi hata wakila sahani moja. Ila swali lako lina kaukweli ndani. Hiyo inaitwa Burkitt, jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, alikuwa hospitali ya Mulago pale Kampala, 1957 akaonyeshwa mtoto kavimba taya pande zote mbili, akaanza kufuatilia, baadaye akazunguka na gari kuukuu nchi kibao hadi huko kusini akakuta inashika sehemu za joto na mvua, yaani kulekule kwenye malaria. 1964 watafiti kina Epstein wa London wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, EBV, na hicho kinapita kwenye mate, karibu sote tunacho toka utotoni na wengi hakitufanyi kitu, shida ni kikikutana na malaria ya kila mara afu kwenye seli moja vipande vya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, vikabadilishana nafasi. Hilo linamtokea mtoto mwenyewe, hajarithi kwa mtu.

Ya kurithi ni kama ile ya jicho, retinoblastoma, mzazi akiwa na jeni ya RB1 yenye hitilafu kila mtoto ni nusu kwa nusu kuipata. Ukipiga picha na flashi mboni moja ikatoka nyeupe usingoje, mpeleke hospitali. Na Burkitt inatibika kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, jamani, mwambie jirani asianze kuzunguka kwa waganga.