Jibu: Ndege wa Novemba Minnesota, bado wapo?

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kutoka na darubini mwezi huu wa Novemba hapo Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, au ndege wote wameshakimbilia kusini. Wale wadogo wadogo wa msituni, kweli, wengi wameondoka. Majini ndiyo kwanza kunakucha.

Shuka mpaka mto Mississippi, barabara namba 26, kusini kidogo mwa mji wa Brownsville. Pana sehemu ya kuegesha gari na kutazama mto. Katikati ya Novemba mabata maji weupe kutoka Aktiki hutua hapo kwa maelfu, wakijaza tumbo kabla ya kuendelea hadi pwani ya Atlantiki, hasa ghuba ya Chesapeake. Huzamisha kichwa na shingo, mkia juu, wakichimbua viazi vya mimea ya topeni. Wenye rangi ya kijivu ni watoto wa mwaka huu, bado wanaandamana na wazazi. Na kelele zao! Utazisikia kabla hujafunga mlango wa gari.

Darubini ya kawaida inatosha, ila ukimkuta mzee mwenye ile ya miguu mitatu, msalimie vizuri, atakuchungulisha. Ukitoka kando ya barabara vaa rangi ya chungwa kali, ni msimu wa wawindaji.

Usichelewe lakini. Maji yakiganda wanaondoka, na hapo uhamie Wabasha, mji mwingine kando ya mto huohuo: mkondo wa maji huzuia barafu, tai wenye kichwa cheupe huja kuvua.