Shangazi, hiki kiwimbo kitanitoka lini kichwani?

Shangazi shikamoo. Mwanao nimechoka. Kuna tangazo la redio la sabuni, kawimbo kake hata nusu dakika hakafiki, basi kameniganda kichwani leo siku ya nne. Nikioga kapo, nikipiga mswaki kapo, jana bosi anaongea kwenye kikao mi nasikia sabuni tu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata sikapendi! Maneno yenyewe nayajua nusu, nikifika katikati nakwama narudi mwanzo, na nikijilazimisha nisikawaze ndo kwanza kanakuja kwa fujo. Nifanyeje, au ndo naanza kuchanganyikiwa?
Mchovu wa Sabuni

Marahaba mwanangu. Huchanganyikiwi, tulia. Kule Finland waliwahi kuwauliza watu zaidi ya 12,000 kwenye intaneti, na kama 9 katika kila 10 walisema jambo hili linawapata angalau mara moja kwa wiki, kwa hiyo hapo kwenye kikao inawezekana hata bosi naye alikuwa na wake anaimba kimoyomoyo. Wajerumani wanamwita huyu mdudu mnyoo wa sikio, jina baya lakini linamfaa.

Sasa jibu lako umeliandika mwenyewe bila kujua, pale uliposema maneno unayajua nusu. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika kuhusu watu aliowapa vikazi vidogo vidogo, vingine akawaacha wamalize na vingine akawakatisha katikati, afu ikaonekana vile walivyokatishwa ndo wanavikumbuka zaidi. Baadhi ya wanaochunguza nyimbo za kichwani wanaona hapa ni vilevile, yaani kipande kisicho na mwisho akili inakihesabu kama kiporo na haitaki kukiacha. Na ubongo haukumbuki tu, unaimba kabisa. Mwaka 2005 watafiti Marekani waliwapigia watu nyimbo wanazozijua huku wakizikata sauti sekunde kadhaa katikati, mashine ya kupiga picha za ubongo ikaonyesha ile sehemu inayoshughulika na kusikia inaendelea na kazi kwenye ule ukimya kana kwamba muziki haujakatika. Ndo maana kichwa chako hakihitaji redio.

Kwa hiyo fanya kitu utakachoona cha ajabu: katafute hako katangazo, kasikilize chote mpaka mwisho, mara mbili tatu, ujue kanaishaje. Najua unakachukia lakini kasikilize tu. Watu wengi kinawasaidia. Ila kule kujikataza ndo uache leo leo, maana mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe na wagonge kengele kila akiwajia, basi kengele zikalia weee, na walipoambiwa sasa ruksa mfikirieni wakamfikiria kuliko hata wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Ukikaa mlangoni kumzuia mtu inabidi umkumbuke muda wote kwamba yupo.

Dawa nyingine utacheka, jojo. Kweli kabisa, bigijii ya kutafuna. Ukiimba kichwani unatumia mitambo ile ile ya kutamka, ulimi na taya zinajiandaa kimyakimya japo hutoi sauti, sasa ukizipa kazi ya kutafuna wimbo unakosa pa kukaa. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walilijaribu hilo wakatoa matokeo mwaka 2015, waliotafuna walisumbuliwa mara chache zaidi. Kupungua lakini, sio kupona.

Halafu angalia unachofanya kakija. Kuoga na kupiga mswaki mwili unajiendesha wenyewe, akili haina kazi inazurura, inaokota chochote. Ipe kitu cha saizi ya kati, fumbo la maneno, fumbo la namba kama Sudoku, kitabu kizuri. Usichukue kitu kigumu mno maana ukishindwa akili itatoroka na utaikuta kwa sabuni tena.

Shangazi, mimi nikiganda na wimbo naweka mwingine kuufukuza, mbona na huo nao unabaki?
Msomaji wa siku nyingi

Kwa sababu unachagua mtamu! Utafiti mmoja uliotoka 2016, watu 3,000, ulionyesha nyimbo zinazonata zina mwendo wa haraka, tuni yake inapanda na kushuka kwa namna iliyozoeleka, afu mahali fulani inaruka au inajirudia kwa namna usiyoitegemea. Ukitaka wa kufukuzia tafuta wa taratibu, usiwe na kiitikio cha kudaka. Mi binafsi naona jojo ni rahisi zaidi.

Shikamoo shangazi. Bibi yetu kila usiku anauliza nani kawasha redio, anasema anasikia nyimbo za zamani, na hakuna redio. Ni hii hii ya kunasa?
Mjukuu

Marahaba. Hapana mjukuu wangu, hii ni nyingine na nashukuru umeuliza. Wimbo wa kunasa mwenyewe unajua uko ndani ya kichwa chako. Bibi anausikia kutoka nje, kiasi cha kuamka kuutafuta. Hili linawapata sana wazee ambao masikio yamepungua nguvu, sauti za nje zikipungua ubongo unajijazia wenyewe kutoka akibani, na mara nyingi ni nyimbo za ujanani kweli. Si lazima iwe akili kuharibika, na wala sio mashetani, msimpeleke huko. Mpelekeni kwa daktari wa masikio apimwe, wengine wakishapewa kifaa cha kusikilizia nyimbo zinapungua. Bebeni na dawa zote anazotumia daktari azione, kuna dawa zinazoweza kuleta hali hii. Ila kama imeanza ghafla, au anachanganya maneno, au ana kifafa, msisubiri siku ya kliniki, nendeni hospitali leo.