Re: Wamejibu jaribio lote Moodle lakini hawana alama

Salaam mwalimu. Nimekuelewa hivi: wanafunzi wamejibu jaribio kwenye Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), muda ukawaishia kabla hawajabonyeza kuwasilisha, na sasa alama hazipo.

Kabla ya kulaumu intaneti yao, ingia mipangilio ya jaribio, sehemu ya muda, uone umechagua nini kitokee muda ukiisha. Kuna chaguo la jaribio kujiwasilisha lenyewe, la nyongeza ya muda wa kuwasilisha tu, na la tatu ndilo mtego: asiyewasilisha kwa wakati hahesabiwi. Mimi liliniponza muhula mzima, nikawaita wanafunzi wazembe. Niliwaomba radhi baadaye, tena mbele ya darasa.

Majibu usihofu sana, Moodle kwa kawaida huyahifadhi kila baada ya dakika moja. Kama mna toleo la 4.2 au jipya zaidi, kwenye ripoti ya matokeo kuna kitufe cha kufungua tena jaribio ambalo halikuwasilishwa. Muda ukiwa umeshapita, linakusanywa na kusahihishwa papo hapo.

Ukikuta ulichagua lile la kwanza na bado alama hazitoki, mwone fundi wenu aangalie kama kroni (programu ya seva inayofanya kazi zenyewe kwa ratiba, ikiwamo kuwasilisha majaribio yaliyoishiwa muda) inafanya kazi. Huko kwenye seva mimi sigusi.