Niache dawa za sonona nichomwe sindano za akupancha?

*Shangazi, nina umri wa miaka 47 na tangu mwaka jana hedhi yangu imevurugika. Nalia bila sababu, nawafokea watoto, na usiku naamka nimelowa jasho. Daktari alinipa dawa za sonona, lakini rafiki yangu ananisihi niziache nikatibiwe kwa akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa. Nimsikilize?*

Dada yangu, pole sana. Sababu ya machozi hayo ipo. Katika miaka inayotangulia ukomo wa hedhi, estrojeni haipungui taratibu kama wengi wanavyodhani, bali hupanda na kushuka ovyo, na kwa kuwa homoni hiyo inahusika pia na namna ubongo unavyoratibu hisia na usingizi, moyo nao huyumba. Ikiwa uliwahi kupata sonona hapo nyuma, tuseme baada ya kujifungua, mwambie daktari wako hata kama ni miaka 20 iliyopita, maana aliyewahi kuipata yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuipata tena wakati huu.

Sasa sindano. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 327 waliosumbuliwa na joto la ghafla: kundi moja lilichomwa sindano halisi mara 10 katika wiki 8, na jingine likaguswa kwa sindano butu zisizopenya ngozi. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya takriban asilimia 40, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa sonona yenyewe tafiti zipo nyingi, ila ubora wa nyingi kati yake ni hafifu. Sisemi kwamba wanawake wale walijidanganya, kwani nafuu yao ilikuwa ya kweli. Naamini mwanamke anayewahudumia wengine kutwa nzima hupata kitu kikubwa anapolala kimya mahali tulivu, huku mtu akimuuliza anajisikiaje na kulisubiri jibu.

Kwa hiyo nenda ukipenda, lakini dawa usiziache. Kuziacha ghafla kunaweza kukuletea kizunguzungu, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu, na sonona ikarudi kwa nguvu. Ukitaka kuzipunguza, apange daktari. Hakikisha mtaalamu anatumia sindano za mara moja tu, zinazofunguliwa mbele yako, na umweleze kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Andika kila siku ulivyolala na ulivyojisikia, na ikiwa baada ya wiki 8 daftari halionyeshi mabadiliko, usiendelee kulipa.

Muulize daktari pia kuhusu tiba ya homoni na tiba ya mazungumzo, ambazo zimesaidia wanawake wengi wa hali yako, na umwombe akupime damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi iliyolegea huweza kuleta uchovu na huzuni zinazofanana kabisa na hizi. Na siku likikujia wazo la kujidhuru, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Rafiki yako anakutakia mema, hilo sina shaka nalo. Mwombe akusindikize kwa daktari.